Mikuyu ya Kwa Ndululu

Mbooni,
Alhamisi

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi nje pale nyumbani kwa kaka Musyimi, na magoti yamekupumzisha kidogo. Je, ile dawa ya kupaka inasaidia, ama ni harufu tu? Sisi huku tu wazima. Mwanangu Mutanu anarefuka, viatu vya muhula uliopita vimeshamkataa. Maharagwe yalikubali, mahindi yakakataa, na maparachichi ya marehemu Mama yamezaa mpaka matawi yanainama. Kila nikichuma namkumbuka.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Baba, simu yako anaishika Musyimi, na ili usikie ni lazima aweke spika, na akiweka spika Kasikeu nzima inasikia. Haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, na miwani yako. Tafadhali kaa chini.

Nianze na maji. Chemchemi ya Kwa Ndululu, ambayo ulipokuwa hapa ilijaza mtungi ukiwa bado unasalimiana na watu, siku hizi inatoa maji kama pua ya mtoto mwenye mafua. Akina mama wanafika kabla ya jogoo na kungoja. Wenye matangi wananunua maji ya lori. Wasio na kitu wanateremka hadi bondeni, kisha wanapanda ile njia ya mawe na mitungi mgongoni, hata wenye mimba. Mwezi uliopita Kaluki na Wavinya walipigana pale kwa sababu ya zamu, na Kaluki akashonwa juu ya jicho. Wote wawili ni wa kwaya yetu. Jumapili iliyofuata waliimba mmoja huku, mwingine kule, na sauti ya pili ikapotea kabisa.

Hapo ndipo Mchungaji Ndegwa, yule wa kutoka Nyeri aliyemzika Mama, aliposema kwamba kanisa haliwezi kuomba mvua huku linawaacha maskini wake wakitoana damu chemchemini. Tukaunda kamati ya mazingira, nami wakanifanya mwenyekiti. Tukamwita mtu wa misitu. Aliizunguka chemchemi, akasema kwamba ile mikaratusi iliyoizingira ndiyo inayokunywa maji yetu, na kwamba afadhali iondolewe, turudishe miti ya asili, mikuyu ikitangulia. Alipotaja mikuyu watu wote wakatazamana, naye maskini akadhani hatukumwelewa.

Wewe unajua kwa nini walitazamana. Pale palikuwa ithembo, mahali wazee wa zamani walipotolea sadaka za mvua, na hakuna aliyethubutu kuvunja hata kijiti cha mikuyu ile. Ukaja wewe, mwinjilisti kijana, na shoka na wimbo, Mwangangi, kijana mwenzako, akikufuata nyuma. Watu walingoja ufe. Hukufa. Ulipanda mikaratusi mahali pake, ikakua, ikatupa paa la kanisa na mabenchi tunayokalia mpaka leo. Habari hiyo nimewasimulia watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi kuliko hata ya Daudi na Goliathi, na kila mara kifua kimenivimba, kwa sababu shujaa wake ni baba yangu.

Basi katika mkutano baada ya ibada, mzee Mwangangi alisimama. Aliuliza, mikuyu tuliyoiangusha kwa jina la Yesu, leo tunairudisha kwa jina la nani? Hakuuliza kwa ubaya, Baba. Mchungaji alimjibu kwamba mti ni kiumbe cha Mungu na hauna dini, lakini mzee akasema kwamba maneno hayo ni mazuri ila yametoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Yeye hatainua panga juu ya miti ya Mbithi, yaani yako, Baba, mpaka Mbithi mwenyewe aseme. Nusu ya kanisa ikaitikia. Mchungaji naye, kwa vile ni mgeni huku kwetu, hakutaka kuwalazimisha watu.

Mwishowe walikubali. Jinsi walivyokubali nitakueleza, nakuomba usiruke mistari.

Jumanne tulikata. Ndiyo, Baba, miti yako. Chifu alitoa ruhusa, Mwangangi akapiga panga la kwanza machozi yakimtoka, halafu vijana wakamalizia kwa msumeno. Mti ulipoanguka nilijiona kama mtu anayeuza ng'ombe wa baba yake. Lakini pia niliwaona Kaluki na Wavinya wamebeba gogo moja, kila mmoja upande wake, bila kusalimiana, mpaka Wavinya akamwambia mwenzake watue apumzike, lile jicho bado halijapona. Jioni tuliimba, na sauti ya pili ilikuwepo. Matawi ya mikuyu ya kupanda tumeyatoa karibu na Mukuyuni. Yamekaa ndani ya beseni la kuogea la Mutanu, tunangoja mvua.

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi. Jumamosi hii wanakuja kwako, Mchungaji, mzee Mwangangi na kwaya yote. Wanataka kukushukuru na kukuomba uje upande mkuyu wa kwanza kwa mkono wako. Nimejaribu kuwazuia. Nilisema huna afya. Wakasema basi ndiyo sababu zaidi ya kuja, wakuombee. Nilisema barabara ni mbaya. Wakatafuta gari kubwa. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na yangu imeishia mlangoni kwa Musyimi.

Kwa sababu wanakuja kukushukuru kwa neno ambalo hukulisema.

Siku ile mkutanoni, Mwangangi alipomaliza kusema, watu wote walinigeukia. Mtu mmoja akasema si Ndila huongea na baba yake, atuambie. Kweli nilikuwa nimekupigia siku iliyotangulia, lakini wajua tuliongea habari ya magoti tu. Ulimi hauna mfupa. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwamba nimekuuliza, na kwamba umesema tukate. Na kama hiyo haikutosha, nikaongeza kwamba umesema ukiwa kijana ulipigana na hofu, hukupigana na mti. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mwangangi alifunika uso kwa kofia yake akalia, akasema kwamba kama Mbithi amesema hivyo, basi na yeye amewekwa huru.

Kwa nini sikukuuliza? Nilikuwa naogopa. Ningekuuliza, ungekataa, na mimi ningekata hata hivyo, maana namwona Mutanu akipanda kutoka bondeni na mtungi na moyo unaniuma. Niliona afadhali nikusingizie kuliko nikuasi. Sasa nimefanya yote mawili.

Sikuombi useme kwamba uliyasema. Ukiwaambia ukweli, nitawekwa kando na Meza ya Bwana, na hiyo ni haki. Ninachoogopa zaidi ni Mwangangi, atakavyokutazama, na yale matawi ndani ya beseni, maana hakuna atakayeyapanda tena. Na nakuogopa wewe. Nimekuchukulia habari iliyo kubwa kuliko zote maishani mwako, nikaimalizia mimi, bila ruhusa.

Mutisya wa bodaboda anayekuletea barua hii amebeba pia chupa moja. Ni maji ya Kwa Ndululu. Mutanu aliitega mdomoni pa chemchemi kabla ya chai ya asubuhi, akaja kuitoa jua likiwa limesimama utosini, na bado haijajaa. Mwambie Musyimi asiitikise, tope limetulia chini. Iweke mezani Jumamosi wakiingia, uitazame, kisha useme lile ambalo ni lako.

Nisalimie Musyimi na wa nyumbani mwake wote. Mutanu anakuamkia, shikamoo, na anauliza kama utakuja nasi Jumamosi tukirudi.

Mimi nitakuwa nimekaa karibu na mlango. Ukinitaja, nitasimama.

Ni mimi binti yako,
Ndila Mbithi