Hewa Iliyolala Nyuma ya Ukuta

Forest, Brussels

Papa mpendwa,

Habari za kwenu huko Goma? Mgongo wako unaendeleaje, na mama je, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na ukisoma utajua kwa nini. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu unasema mambo ya maana huandikwa. Bon, nimeandika. Mdogo wangu Bahati atakuonyesha picha za kurasa hizi kwenye simu yake. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kazi ni ileile. Namtunza Monsieur Albert, mzee wa hapa Forest aliyefundisha Kilatini maisha yake yote. Mapafu yake yamechoka; anavuta hewa kwa mpira mwembamba puani, na mashine ya oksijeni inanguruma kutwa nzima kama friji mbovu. Macho nayo yamekwisha, kwa hiyo nikishamwogesha na kumlisha, namsomea mashairi marefu ya vita ya Warumi wa kale. Unakumbuka majirani walivyokucheka uliponiandikisha latin-philo, mchepuo wa Kilatini na falsafa? Walikuuliza kama nitauza Kilatini sokoni. Waambie nimepata mnunuzi.

Siku hizi mzee huyu anatafuta jambo moja tu katika mashairi hayo, nalo ni hewa, labda kwa sababu yake imebaki kidogo. Ananisimamisha kila inapotajwa. Pepo zimefungiwa ndani ya pango chini ya mlima, zinanguruma mlangoni, na mfalme amewekwa juu yake kuzishika. Siku akiziachia, merikebu zinazama. Shujaa anafunikwa na ukungu, anapita katikati ya watu wasimwone. Anashuka kuzimu, anamkuta baba yake, anataka kumkumbatia, na mikono inarudi mitupu kwa sababu baba amekuwa upepo. Hapo, Papa, nilijifanya nakohoa.

“Kwa watu hawa,” Monsieur Albert aliniambia, “hewa haikuwa tupu hata siku moja. Siku zote kuna kitu ndani yake.”

Jumatatu tulifika mahali pa ziwa. Limezungukwa na msitu mweusi, na kando yake kuna pango linalotoa pumzi mbaya mpaka angani, hata ndege hawawezi kupita juu wakabaki hai. Nilisoma, kisha nikafunga kitabu. Monsieur Albert akadhani nimeshindwa na neno.

“Si neno,” nikamwambia. “Nimewaza nyumbani.”

Niliwaza ile sauti uliyonitumia pamoja na picha ya ukuta wako mpya. Nimeisikiliza tena na tena: “Mwanangu, ule muke wa jirani ananiroga. Kuku zangu zinalala muzima, asubuhi naziokota zimekufa pembeni ya ukuta, ata damu hakuna. Na imbwa nayo imekufa palepale. Bon, pasteur atakuya, tutasali asubuhi mapema mu parcelle, pale chini pembeni ya ukuta, na mutoto wako atakuwepo.”

Papa, mwache mama wa watu. Hiyo ni mazuku.

Najua utasema mazuku iko kule Bulengo, si kwetu, na kwamba umeishi hapo tangu sijazaliwa. Ni kweli. Hiyo hewa mbaya ya ardhini haikutusumbua kwa sababu kiwanja chetu kinateremka. Kama ilikuwepo, ilipita chini chini ikaenda zake ziwani. Sasa umechimba msingi, labda umefungua nyufa, kisha umezungusha mawe ya volkano na kuyaziba kwa simenti, vizuri kama unavyofanya kila kitu. Ulitaka kuzuia wezi, umezuia na hewa. Usiku upepo ukitulia, inajaa pale chini kama maji kwenye beseni. Haionekani, hainuki, na anayekufa kwanza ni aliye mfupi. Jua likipanda inatawanyika, na watu watasema ni maombi.

Leo Jumamosi nilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, nasukwa kwa Maman Espérance, ambaye kwao ni Keshero, hukohuko Goma. Nilimwonyesha picha ya ukuta kwenye simu, nikitumaini atanicheka. Aliacha kusuka, kitana mkononi.

“Eh Yesu. Hapa ni mu shimo. Alors, ile chumba ya madirisha ya bleu, pembeni ya ukuta, ni ya nani?”

“Ya binti yangu. Papa amemjengea.”

“Analala ku kitanda?”

“Ku godoro. Chini.”

Alinirudishia simu, akaniambia niende. Nilitoka na kichwa nusu kimesukwa, nikaja moja kwa moja kuandika.

Neema ana miaka sita. Nilikuachia wewe kwa sababu hakuna mtu ninayemwamini zaidi. Sikufundishi, Papa, nakuomba, na ninaogopa sana. Leo hii alale chumba cha juu, kitandani na mama. Halafu Bahati abomoe ukuta wa upande wa ziwa mpaka chini kabisa, si kutoboa tundu la kuniridhisha. Asishuke huko alfajiri. Angojee jua lipande na upepo uanze. Wezi wakija, waje. Kuku tutafuga wengine.

Nisalimie mama, nisalimie shangazi anayeuza makaa, na mjomba, tonton wa kwaya, umwambie sijaacha kuimba. Jirani yetu umpelekee salamu zangu kwa mkono wako mwenyewe, na umwombe radhi.

Pasteur akifika kabla ukuta haujaanguka, mpokee kwa heshima, lakini mtu asipige magoti pale chini. Salini huku juu barabarani, mkiwa mmesimama, na umbebe Neema mabegani.

Binti yako,
Furaha