Kadi ya Kompyuta ya Sista

Jumatano jioni, Mbinga

Tangu mkono wake wa kulia upooze, mume wangu alikuwa hagusi kompyuta ya mteja dukani kwetu. Leo sista wa misheni ya Kigonsera ameleta moja isiyoonyesha picha. Nilidhani Benedikto atamrudisha. Akaniita, “Mama Neema, njoo uwe mkono wangu.”

Nilichomoa waya wa umeme, nikalegeza skrubu, nikaivuta kadi ya picha. Iligoma.

“Usiilazimishe, mama. Bonyeza kwanza kile kibano cha mwishoni.”

Ikatoka. Kadi nyingine, nzima, nikaikandamiza mahali pake mpaka ikalia tak. Tulipowasha, kioo kikaleta picha, naye akacheka kwa sauti.

Bado naogopa, mkono huenda usirudi kabisa. Lakini sista alipoondoka, Benedikto alisema, “Kesho tufungue duka mapema.”

Tufungue. Hakuniambia nifungue peke yangu.