Mgeni Aliyekula kwa Anselim

Lipangalala, Ifakara
Jumatatu, baada ya kufunga mashine

Kwako ndugu yangu Mwinshehe,

Salaam aleikum, wewe na wote waliomo humo ndani. Shemeji Mwanahawa mfikishie salamu zangu, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Goti linaendeleaje? Kama bado linasumbua, paka ile dawa niliyokuletea kutoka Tunduma, usibabaishwe na wataalamu, mimi nimetembea. Sisi huku tu wazima. Klementina anakohoa kidogo kwa vumbi la pumba, ila sauti ya kunigombeza anayo ya kutosha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo, tena ya kisasa. Kwenye simu mimi nachekesha, na nikishaanza kuchekesha, la maana linabaki tumboni. Karatasi haicheki. Ndiyo maana nimekaa nayo leo, mimi niliyeacha shule darasa la sita nikaenda kusomea barabarani hadi Lubumbashi.

Salamu zako nimezipata kwa shemeji yako Kibwana, alipokuja kukoboa mpunga. Amesema mtakuja wote kwenye Komunio ya kwanza ya Sylvester wangu. Amesema pia kwamba siku hizi huli tena kwa Mkristo yeyote isipokuwa kwangu mimi Barnaba, maana kwa Barnaba ndiko salama. Maneno hayo, Mwinshehe, nimeyasubiri tangu Pasaka. Yaliponifikia yakanikaa kooni kama mwiba wa perege. Ngoja nikueleze, usinikimbize.

Pasaka nilikungoja. Zile sufuria zenu ninazozifunga kwenye kiroba na kuzitundika stoo, ambazo hazijawahi kuonja kitimoto wala mafuta ya nguruwe, nilizishusha mwenyewe. Nikamwita mchinjaji wa msikitini, akachinja kuku. Mafuta mapya, mwiko mpya. Klementina nikamfukuza jikoni, nikapika pilau kwa mkono wangu, na pilau yangu unaijua, nimewapikia madereva wa nchi nne wakaomba niwafuate makwao. Mchana ukapita hujaja. Jioni bodaboda mmoja wa njia ya Mang'ula akanieleza, bila hata huruma, kwamba amekuona kwa Anselim, umevua viatu, umekaa mkekani na wenyeji, unachambua kidari.

Kwa Anselim. Mkulima wa miwa ambaye hajawahi kuvuka daraja la Ruaha. Ambaye chai yake ni maji ya moto yaliyosikia tu habari za majani. Nilidhani wivu ni ugonjwa wa wenye wake wawili. Kumbe mwanamume mzima, mwenye mashine na mvi, anaweza kushikwa na wivu juu ya rafiki yake kwa sababu ya sahani ya wali. Nilikuwa nikiwaza kile kidari hata chakula changu hakishuki. Klementina alinicheka, akasema enzi za uchumba wetu sikumwonea wivu hata nusu ya ule, na angeona raha sana kama ningemwonea.

Nikamwambia basi, wewe unayejua kila kitu, huyo Anselim ana nini ambacho mimi sina. Akaniuliza kama nakumbuka sherehe ya Kipaimara ya mwanetu Teddy. Nikasema nakumbuka, ilifana. Akasema, ilifana kwako. Wewe ulishika maiki, ukamsimamisha Mwinshehe na watu wake ili ukumbi mzima uwaone. Ukaonyesha sufuria zao. Ukamwinua mchinjaji na kisu chake. Ukatangaza kwamba Lipangalala nzima hakuna nyumba nyingine inayojua kumlisha Mwislamu. Watu walipiga makofi, na mwenzako akala matonge mawili akaaga. Kwa Anselim, kama Klementina alivyosikia kwa Digna, mke wa Anselim, wewe Mwinshehe ulifika asubuhi ukaambiwa kuku wale, kisu kile, chinja tule. Ukachinja, ukakaa kumenya vitunguu na kupiga soga kama watu wengine.

Nilimwambia anyamaze. Huwa namwambia hivyo akisema kweli.

Hapo mtu mwenye akili angepanda gari akaja kukuomba radhi. Mimi nilibaki na uchungu wangu. Kibwana alipokuja mashineni wiki ile, akataja tu kwamba ulikula Pasaka kwa Anselim na mlifurahi. Alisema mlifurahi. Nikamvuta pembeni, nikashusha sauti ili ionekane ni siri nzito, nikamwambia masufuria ya Anselim nayajua, yanapikiwa kitimoto na kuoshwa kwa maji matupu.

Ni mimi, Mwinshehe. Yale maneno yaliyokufikia yametoka kinywani mwangu, na ni uongo. Masufuria ya Anselim sijawahi hata kuyaona. Yeye mwenyewe nguruwe hamgusi, akimla hutokwa na vipele. Nilitaka tu usirudi kwake. Sikufikiri kwamba shemeji Mwanahawa angekuhoji mbele ya wazee wako, wala kwamba ungepita mlangoni kwa Anselim bila salamu, Digna akabaki analia hajui amekosa nini. Nimepata nilichokitaka, mgeni wangu anarudi, na sioni raha yake.

Juzi nilikwenda Mang'ula, nikamwambia Anselim yote. Nilitegemea matusi, na majibu yake nilikuwa nimeyapanga njiani. Hakutukana. Alisema tu nimekosea nyumba, mwenye haki ya kuambiwa ni Mwinshehe. Digna hakuniitikia salamu, lakini aliniwekea wali na samaki. Nikala. Ulikuwa wali mzuri, na iliniuma.

Kibwana naye nimeshamwambia leo asubuhi, sisi wawili tu. Aliondoka bila kuaga na pumba zake ameziacha. Nilitaka Ijumaa nije nisimame nje ya msikiti wenu nikiri mbele ya watu wote. Klementina amesema hapo nitakuwa nimeshika maiki nyingine. Basi nitajie wazee waliokuhoji, nitawafuata mmoja mmoja nyumbani kwao.

Komunio ni Jumapili ijayo. Kabla ya yote nenda kwa Anselim mpatane, na ukitaka kula kule, kula. Usidhani nasema hivyo kwa moyo mweupe. Wivu bado ninao, na ukishakula huko tafadhali usinisimulie. Nimemwalika na yeye. Amesema atakuja ukija wewe, na usipokuja hana la kufanya kwangu. Kwa hiyo mimi niliyezoea kujisifu kwa wageni, safari hii nimepika matumaini tu, sijui kama mkeka wangu utakaliwa na mtu. Mkikosa wote wawili, wageni nitakaowalisha wakiniuliza mko wapi, nitawaambia kosa ni langu.

Wazee wote hapo wape shikamoo zangu, hata watakaonikasirikia. Teddy anakusalimu, Sylvester anakusalimu, na Klementina anasema mwambie shemeji Mwanahawa kwamba yeye hakujua lolote, asije akawekwa kapu moja na mumewe.

Wako, ukinikubali,
Barnaba wa mashineni