Nilikwangua Asali Kwenye Samaki wa Mke Wangu Mbele ya Wageni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mke wangu hajapanda basi, maana nikisema ningoje mpaka nijue kuandika vizuri atakuwa ameshafika kwao. Shule niliishia njiani, utanisamehe.

Mimi ni mbeba zege kwenye majengo, nipo mbali na kwetu miaka mingi, na muda wote huo nilikaa peke yangu kwenye chumba kimoja chenye jiko dogo pembeni. Mwanzoni jioni nilikuwa nakula mkate na chai nalala, kwa sababu ukishinda unapandisha ndoo za zege ghorofani mikono haina hamu hata ya kumenya kitunguu, lakini mpangaji aliyenitangulia aliacha oveni ndogo ya umeme, na mama mmoja anayepika kantini ya kazini kwetu akanihurumia akanifundisha samaki wa kuoka wa kupaka asali, akasema hicho ndicho chakula cha mtu aliyechoka, unamwingiza samaki, unakwenda kuoga, ukitoka anakaribia kuiva.

Basi ikawa kila Jumanne napitia kwa muuza samaki pale kona, nachukua mmoja mzima, namchanja mbavuni, namfuta maji mpaka anakauka, namtia chumvi na kitunguu saumu na tangawizi, oveni. Asali naichanganya na ndimu na sosi ya soya kwenye kikombe, lakini siipaki mwanzoni, kwa sababu asali ikikaa motoni muda mrefu inaungua inakuwa chungu na samaki ndani bado mbichi, nangoja akaribie kuiva ndio nampaka kwa brashi, namrudisha, nampaka tena, mpaka anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na oveni yenyewe ina mambo yake, kitasa cha kuongeza moto kilivunjika nazungusha kwa plaizi, na moto wa nyuma ni mkali kuliko wa mbele, kwa hiyo lazima trei igeuzwe, usipojua hilo utaunguza kila siku. Nikuambie ukweli mshauri, samaki huyo ndiye aliyeniweka mjini. Kuna Jumanne nyingi ningerudi kwetu na begi langu kama si yeye.

Mwaka huu Mungu akajalia nikapata chumba cha pili, nikamwita mke wangu aje na binti yetu tukae pamoja moja kwa moja. Alifika anacheka, kabeba mpaka sufuria, akaniambia, "Sasa pumzika, baba, mwenyewe nimekuja." Nilimwonyesha jiko langu, kila kitu kipo mahali pake, hata umeme ukikatika naipata chumvi gizani. Yeye ni mfupi, anapanda kwenye stuli kufikia rafu, tukawa tunacheka.

Jumanne iliyofuata wenzangu wawili wa kazini wakaja kumkaribisha shemeji yao, mmoja tunamwita Msumari na mwingine Winchi, watu wa utani sana. Mke wangu akasema samaki wa leo anapika yeye, ameshaniona nikipika, anaweza. Nikakaa na wageni. Mara nikanusa. Ile harufu ya asali inayoanza kuungua naijua. Nikanyanyuka, nikafungua oveni, nikakuta kampaka asali tangu mwanzo samaki akiwa mbichi kabisa, nzito kama plasta. Sasa mshauri, kazini kwetu ukimwona mwenzako anamwaga vibaya humwambii kitu, unamnyang'anya beleshi kwanza unarekebisha, maneno baadaye, kwa sababu zege likishaganda ndio basi. Mimi sikufikiri. Nikamchukulia kitambaa mkononi, nikatoa trei, nikachukua kisu nikamkwangua samaki asali yote, nikamgeuza, nikamrudisha, mke wangu kasimama pale na brashi.

Msumari akapiga kelele, "Shemeji, pole! Hukuambiwa? Humu ndani mama mwenye nyumba ni huyu jamaa!"

Winchi akadakia, "Wewe mgeni, shemeji, utaandikiwa barua ya kazi ukimaliza majaribio!"

Wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Mke wangu akaiweka brashi mezani taratibu, akasema, "Basi mama mwenye nyumba apike. Mimi mgeni nileteeni kiti." Akakaa. Akala vizuri tu, akawaaga wageni vizuri tu.

Tulipobaki wawili nikamwambia pole. Akanijibu, "Pole ya nini? Samaki si hakuungua?"

Tangu siku hiyo haingii jikoni. Narudi nimechoka, yeye kakaa, mtoto kala mkate, napika, tunakula, anaosha vyombo, analala. Na binti yetu, ana miaka sita, hajui kitu, juzi akasema kwa sauti, "Samaki wa mama ni wa kukwanguliwa." Mke wangu hakumkemea. Alinitazama mimi. Msumari akanishauri nimnunulie gauni, akasema mwanamke hanuni na gauni jipya. Nikanunua. Akalipokea, akashukuru, akalikunja, akalitia kwenye begi la safari alilokuja nalo, sio kabatini. Sasa anasema shule zikifunguliwa mtoto atasomea kule kule kwao, kwamba huku mimi nipo sawa, hakuna anachopungukiwa mtu.

Mimi sipo sawa, mshauri. Nimekaa miaka naongea na mke wangu kwa simu kama mtu anayeongea na redio. Je, niache kabisa kupika, nimwachie jiko lote? Au nimweleze kwamba nilikuwa naokoa chakula tu, sikuwa na ubaya? Nisaidie, nampenda na sijui nimkamate wapi.

Mbeba zege

JIBU

Kaka mbeba zege, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na njaa, maana umenielezea samaki vizuri kuliko ulivyonielezea mkeo. Samaki wako najua anachanjwa wapi, anafutwaje, anapakwa lini. Mkeo najua ni mfupi.

Nakuhurumia, usifikiri sikuhurumii. Mtu anayetoka kubeba zege halafu ana moyo wa kumfuta samaki maji ili akauke si mtu mbaya. Uliishi peke yako ukajitafutia cha kukushika, na umekipata. Hilo ni jambo la heshima, na usikubali Msumari wala Winchi alifanye kichekesho. Ila wewe ndiye uliyewakubalia. Ulicheka.

Sasa nisikilize. Unaniuliza kama umweleze kwamba ulikuwa unaokoa chakula. Thubutu! Hilo analijua, ndiyo maana alikujibu samaki hakuungua. Alikuwa anakuuliza kilichoungua ni nini, nawe ukalala. Mwanamke huyu huenda alikaa miaka akidhani mumewe huko aliko anakula mkate na chai. Kabeba sufuria safari nzima aje akupumzishe. Kafika, kakuta mtu hahitaji kupumzishwa, jiko limepimwa kwa urefu wa mtu mwingine, chumvi haifikiwi bila stuli. Alicheka ile siku ya kwanza kwa sababu alidhani utaishusha rafu. Halafu akaomba jambo moja tu, akupikie chakula unachokipenda mbele ya wenzako, na hilo nalo ukampokonya mkononi. Mkeo si kibarua mwenzako, kaka. Huko kazini unamnyang'anya mtu beleshi na kesho mnakunywa chai pamoja. Nyumbani humnyang'anyi mtu kitu, unamwambia.

Na kuna jambo limeniudhi kweli. Mimi hunijui, hujawahi kuniona, lakini umenieleza kitasa kimevunjika na moto wa nyuma ni mkali. Yeye ulimweleza? Kwenye barua yako sijaona. Umesema alikuona ukipika. Kuona mgongo wa mtu si kufundishwa. Kwa hiyo ulimwachia oveni mbovu bila neno, halafu mkamcheka watu watatu.

Kupika usiache. Ukiacha leo atajua umenuna, na mtoto atakosa kumwona baba yake na mwiko, jambo zuri analoliona sasa. Gauni nalo usiulize mbona halivai. Aibu uliyomtia mtu mbele ya wageni haiondoki kwa nguo, na haiondoki kwa pole ya chumbani. Inaondolewa pale pale ilipofanyikia. Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii hii, usingoje shule zifunguliwe.

Leo ukitoka kazini shusha rafu. Usimuulize ishuke kiasi gani, mwite asimame, anyooshe mkono, upigilie msumari pale mkono unapofika. Kisha mwonyeshe oveni, kitasa, plaizi, trei inavyogeuzwa, kama unavyomkabidhi mtu nyumba. Ukimaliza toka jikoni, usimsimamie.

Jumanne waite Msumari na Winchi. Kabla hawajaonja kitu, sema mbele yao, na mbele ya binti yako, "Siku ile nilimkosea mke wangu, na nyinyi mlicheka kwa sababu mimi nilicheka." Basi. Usiongeze "lakini". Wakileta utani, wanyamazishe wewe, usimwachie yeye kazi hiyo. Halafu kama mkeo atataka kupika, apike. Kama atapaka asali mwanzoni, apake. Ukinusa, kaa. Akiunguza, kula, na uombe kipande kingine. Kama hatataka kupika, pika wewe, na brashi umpe yeye.

Begi la safari litakuwa bado limefungwa, sikudanganyi. Huenda samaki mmoja hatoshi kulifungua. Kwa hiyo wageni wakishaondoka na mtoto akishalala, muulize swali ambalo katika barua yako yote sikuona dalili kwamba umewahi kumuuliza: miaka ile wewe ukiwa huku, yeye jioni alikuwa anakula nini, na alikuwa anakula na nani. Ukishauliza, funga mdomo. Usimsahihishe hata tarehe. Atakuambia mambo ambayo simu haikuwahi kuyabeba, na ndani yake ndimo lilimo jibu la kama atapanda basi au hatapanda. Hilo mimi siwezi kukupa. Analo yeye, na anangoja aulizwe.