Wavinya Ameuliza Nitarudi Lini

Shimba Hills, 9 Februari 2025

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mwezi huu natimiza miaka arobaini na moja tangu nitoke Kalamba, mwaka ule wa njaa wa 1984, nikiwa mwalimu kijana mwenye mke, sanduku moja na barua ya kuhamishiwa Kwale, nikijiambia ni muhula mmoja tu mpaka mvua irudi, na mvua ilirudi lakini mimi sikurudi, kwa kuwa huku nilipata minazi, kanisa na majirani, na huku ndiko nilikomzika mke wangu Ndunge, ila kila Krismasi watu wa nyumbani wakinipigia simu huwajibu kwamba nitarudi mwakani, Mungu akipenda.

Kalamba nina ekari mbili za mteremko alizoniachia baba. Mwanangu Kimeu ndiye aliyerudi kuzilima, akamwoa Wavinya, na miaka minne iliyopita akafariki, akamwacha mkewe na watoto wawili kwenye shamba ambalo hati yake bado ina jina langu. Na kwetu baba mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa umbali: hatuli meza moja, hatuongei ovyo, na neno langu kwake hupitia kwa ndugu yangu mdogo, Kyule, ambaye boma lake limepakana na shamba hilo.

Basi Septemba iliyopita Kyule akanitumia picha, nikaona mabua ya mahindi yamelala chini shamba zima, na katikati yake mashimo, mamia ya mashimo kwa mistari, na chini ya picha ameandika, "Mwalimu, mkaza mwana wako anatafuta dhahabu." Niliona aibu, maana sisi tulilelewa kwamba shamba la mtu mwenye akili husafishwa mpaka libaki jekundu tupu kama uwanja wa kanisa, wapita njia waseme hapa kuna watu, kwa hiyo bila kumuuliza mwenye kulima nikamwambia Kyule asafishe upande wa chini kabla ya mvua, naye akaingiza ng'ombe na mbuzi wake wakala mabua siku tatu, yaliyobaki akayachoma, akafukia mashimo kwa jembe la ng'ombe, akapanda.

Novemba mvua ikanyesha siku nne kwa nguvu, kisha ikapotea wiki tatu. Upande niliouamuru mimi ulishuka korongoni pamoja na mbegu zake. Kwa Wavinya, upande wa juu, maji yalilala ndani ya mashimo chini ya yale mabua, na mahindi yakabaki kijani. Haya aliniambia Kyule mwenyewe, kwa sauti ya mzazi anayesoma matokeo ambayo angependa kuyaficha.

Kisha Wavinya akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakulalamika. Alisema, "Baba, nisamehe kwa kukupigia. Nataka tu kujua utarudi lini."

Niliguswa, nikadhani nimekumbukwa, nikamjibu kama ninavyowajibu wote: mwakani, Mungu akipenda.

Kisha akasema, "Basi Baba, nitaacha kuchimba."

Nikamuuliza kwa nini, akanieleza taratibu, kwamba ng'ombe wa kulima ni wa Kyule na hulima kwa Kyule kwanza, wakimfikia yeye mvua imeshapita nusu, lakini mashimo huyachimba Agosti kwa jembe la mkono, pamoja na mwethya, yaani wanawake wenzake wa kanisa wanaosaidiana shamba kwa shamba, hivyo mvua inapoanguka mbegu iko tayari ardhini. Kwamba mbolea ya dukani mvua ikikata huunguza mahindi, lakini samadi hungoja. Kwamba mchwa hula mabua kidogo na hilo si kitu, maana na wao huchimba njia za maji. Na kwamba mwaka wa kwanza ni jasho tupu, wa pili unaona tofauti kidogo, wa tatu ndipo udongo huanza kunywa.

"Mimi niko mwaka wa tatu," akasema. "Lakini ukirudi utataka shamba la kulimwa kwa ng'ombe, na ni haki yako. Siwezi kutengeneza udongo wa miaka kumi kwenye shamba la mwakani."

Mshauri, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kyule amenitengea humo shambani mahali pa kuzikwa kando ya baba, amepazungushia mawe, na nikitamka kwamba sirudi, ukoo utasema nimewakana. Nikiendelea kusema mwakani, Wavinya ataweka jembe chini. Nifanyeje?

Mwalimu Nzioka

*

Mwalimu Nzioka, pole kwa Kimeu, na pole kwa Ndunge. Sasa keti nikuambie.

Umesahihisha madaftari maisha yako yote, na bado ulimwekea mkaza mwana wako alama ya kosa kwa picha moja, bila kusoma kazi yake wala kumuuliza alipataje jibu. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemsimamisha nje.

Halafu hukujiuliza swali dogo. Yale mabua yaliliwa na mbuzi wa nani? Simlaumu Kyule, mifugo yake imekula mabua ya shamba hilo baada ya kila mavuno tangu babako akiwa hai, na kiangazi ni kirefu. Lakini mtu mwenye njaa ya mabua ndiye uliyemfanya macho yako na mdomo wako. Hiyo si heshima ya ukwe, baba. Huo ni uvivu umevaa heshima.

Wavinya hachimbi kwa sababu ya semina wala kwa kuiga watu. Mwenye ekari mia udongo ukimshukia korongoni huhamia upande mwingine. Yeye atahamia wapi? Ana mteremko mmoja, mvua mbili zisizotabirika na mikono yake. Anachagua njia inayobakiza maji na udongo pale pale, na isiyomfanya angoje ng'ombe wa mtu. Lakini kazi hiyo hulipa polepole, na hakuna anayeifanya pale anapoweza kuambiwa asante, sasa pisha. Ndiyo maana aliuliza utarudi lini. Hakuwa anakukumbuka, nisamehe kukuambia. Alikuwa anapima shamba.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze na Kyule, umpigie wewe, asisikie kwa watu. Mwambie mabua hayaingiliwi tena na mifugo. Usimwache mikono mitupu: Wavinya achimbe mitaro ya kukinga maji, apande nyasi kwenye kingo zake, na Kyule akate za mbuzi wake. Kisha tafuta wakili akuandalie uhamisho wa hati kwa jina la Wavinya, na ukiitwa mbele ya bodi ya ardhi, nenda. Kwenda kutia sahihi si kurudi.

Halafu mpigie Wavinya. Umwombe radhi kwa upande wa chini, umwambie ukweli kwa sentensi moja, bila "mwakani", na bila kumsingizia Mungu mipango ambayo hukuwahi kuwa nayo. Ukoo utanung'unika mavuno mawili, kisha utazoea. Umeishi vizuri mahali ulipo. Hilo si kosa la kufichwa.

Mama Roselyne

*

Shimba Hills, 2 Machi 2025

Mama Roselyne, umenichapa na nimestahili.

Nilimpigia Kyule kwanza. Aliuliza, "Sasa pale penye mawe nipande nini?" Nikamwambia amuulize mwenye shamba. Akaenda kumuuliza, ndugu yangu yule, na Wavinya akamjibu kwamba mawe yatafaa kwenye ukingo wa mtaro, na pale patupu pataingia mbaazi. Kyule ameshayabeba mwenyewe. Nyasi amezikubali, ingawa anasema mbuzi wake hawakushauriwa.

Aprili nitasafiri mpaka mji wa Wote kutia sahihi mbele ya bodi, nilale usiku mmoja, nipande basi la Mombasa.

Wavinya nilimwambia kama ulivyonifunza. Alisema, "Asante, Baba," basi. Jana akanitumia picha. Ni ule upande wa chini, umepigwa vigingi na kamba imevutwa kuukata mteremko, tayari kwa mashimo ya Agosti. Mabua ya upande wa juu yametandazwa kila mahali. Nimeitazama mara nyingi, na nimeridhika.

Sitarudi Kalamba.

Nzioka