Karatasi za Chuo za Baba

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi, upande wa ziwa hakuonekani kitu. Na mimi niko hivyohivyo.

Leo nimefungua sanduku la bati la Baba. Ndani mna karatasi zake zote za chuo cha ualimu: madaftari ya sayansi, mitihani iliyosahihishwa, maandalio ya masomo ya mazoezi. Kazitunza tangu ujana wake, kazitilia majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasizitafune. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, na kila muhula ulipoanza alirudi kwanza kwenye karatasi hizi.

Sasa hata jina langu halijui.

Wiki iliyopita alitoka hapa nyumbani Mkolani bila mtu kumwona, akapatikana Kigongo. Siku hizi watu wanavuka ziwa kwa daraja, lakini yeye alikuwa amekaa chini kando ya maji, anasubiri kivuko kimpeleke chuoni. Kaka yangu Masanja akaamua: kesho anakuja kumchukua akakae naye Kisesa, ambako nyumba haikosi mtu. Mimi nashinda kazini.

Ila nilikuwa na wazo moja, la kijinga labda. Baba hakuwahi kuvumilia kosa la sayansi. Aliwahi kumfuata padri nje ya kanisa kumweleza kwamba popo si ndege. Sisi watoto tukikosea mezani, chakula kilipoa mpaka tuelewe. Nikasema moyoni, kama bado yumo humo ndani, kosa litamtoa. Akinisahihisha, hata kwa neno moja, nampigia Masanja asije.

Nikamkalisha barazani, nikamwekea daftari mapajani. Akaupapasa mchoro wa moyo aliouchora kwa wino mwekundu na bluu. Mikono yake, ambayo haitulii siku hizi, ikatulia. Hapo nilipata tumaini.

Nikamsomea ukurasa mzima kama ulivyoandikwa. Kisha nikapotosha makusudi, kwa sauti: "Damu husukumwa mwilini na ini."

Hakutikisika.

"Baba, damu inasukumwa na nini?"

Akaniangalia, akangoja, kama anayempa mwanafunzi nafasi.

"Na ini," nikasema. "Ini ndilo linalosukuma damu."

Akatabasamu. Tabasamu la darasani, ambalo sijaliona kwa muda mrefu.

"Vizuri sana, binti. Haya, mpigieni makofi."

Akaanza kupiga makofi mwenyewe, taratibu, akiwatazama wanafunzi ambao hawapo.

Na mimi nikapiga. Ningefanya nini?

Jioni nimempigia Masanja. "Njoo tu asubuhi," nikamwambia.

"Na yale makaratasi? Kwangu hakuna pa kuyaweka."

"Yatabaki hapa."

"Ya nini tena, dada?"

Nikamuaga. Nimekunja nguo za Baba, nimezipanga kwenye begi, shati la kanisani juu kabisa. Yeye amekaa kitandani akinitazama.

"Pole na kazi, mama," akaniambia. "Kwenu ni wapi?"

"Ni hapahapa," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.