Mafumbo ya Mtihani wa Sheria, kwa Dada Minza

Dada Minza,

Nimepita. Nimeliandika neno hilo juu kabisa, hata salamu sijakupa, kwa sababu nilitaka ulisikie kabla ya mengine yote. Nimepita karatasi zote za mtihani wa kuingia chuo, na ile ya mafumbo ndiyo iliyonipa alama nzuri kuliko zote. Jumatatu napanda basi la Shinyanga, halafu treni mpaka Dar es Salaam, kusoma sheria chuo kikuu. Mimi, Kabula, karani wa masjala mwenye miaka thelathini na mmoja.

Nilipofeli mara ya kwanza ulikuwepo. Karatasi nyingine niliziweza, ile ya mafumbo ikaniangusha. Watu sita wamekaa kwenye benchi, huyu hakai karibu na yule, fulani akija na fulani anakuja, haya, nani yuko katikati? Nilirudi kutoka Mwanza macho yamevimba, nikakwambia akili hiyo sina. Ulinipikia ugali na mlenda, ukaniacha nile.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinaingia Bariadi. Mitumba, sabuni za kila rangi, wanunuzi binafsi wa pamba wenye magari yao na mizani yao. Mzee Salumu wa duka la stendi naye akaleta mashine ya fotokopi. Nikatoa nakala za mafumbo ya miaka ya nyuma, nikaja nayo nyumbani. Nisikufiche, dada, sikudhani utanisaidia. Uliachishwa shule darasa la nne ukachunge. Nilitaka tu mtu wa kunisikiliza nikilalamika.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Ulikuwa umekaa uani kwangu unachambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule, na mwanao Nyanzobe pembeni. Ukasema, "Hebu nisomee. Kwa Kisukuma."

Kumbe hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Kwa Kiingereza nilikuwa nayapita maneno kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Kukutafsiria wewe, ilibidi nilishike kila neno. Na ulinikatiza! "A ni nani? Sijui mtu anaitwa A." Basi A akawa mama mkwe, D akawa mkwewe wa kiume asiyeruhusiwa kukaa karibu naye, B akawa shangazi mgomvi. Ukafumba macho kidogo, mikono inaendelea na pamba, ukawakalisha wote sita bila kalamu wala karatasi. Niligeuza ukurasa kutazama jibu. Ulikuwa umepata.

Nilikuuliza umefanyaje. "Mara ngapi nimepanga watu kwenye harusi?" ukaniambia. "Usianze na mwenye pa kukaa pengi. Anza na yule asiye na pa kwenda. Huyo ukishamweka, wengine wanajipanga wenyewe."

Nilikuangalia kama nakuona mara ya kwanza. Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja utotoni, na sikujua niko na nani.

Tukaendelea hivyo kila Jumapili. Nikaanza kuweza moja kati ya matano, halafu matatu, na ulikuwa hunisifu hata kidogo. Likaja lile fumbo la "kama". Kama Masanja akija, Luhende anakuja. Luhende amekuja, je, Masanja yupo? Nikajibu haraka, yupo. Ulicheka mpaka kitenge kikakuanguka. "Mkwe akija hapa mimi nachinja kuku. Wewe ukikuta manyoya jalalani utasema mkwe amekuja? Na kama kuku amekufa kwa mdondo?"

Nilicheka na mimi. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, dada, kwa sababu nilikumbuka kile kikao cha Shishiyu, kwa wakwe zako.

Mumeo alipofariki, ukoo wake ulikaa, na mimi ndiye niliyepewa daftari niandike maana najua kuandika. Ulisema ng'ombe wanne ni wako, umewanunua kwa pamba yako. Shemeji yako mkubwa, Mzee Ngassa, akasimama: "Kila ng'ombe wa boma letu ana alama yetu sikioni. Hao wanne wana alama yetu. Basi ni wa boma letu." Wote wakaitikia, ukataka kujibu, hukupewa nafasi. Na mimi nikaandika, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini. Ukaja kwangu na Nyanzobe na ndoo ya nguo.

Wako nao ulikuwa umewatia alama ile ile kwa sababu walichungwa kundi moja. Alama haikusema ni wa nani.

Nilikuuliza, "Siku ile uliliona kosa hilo?" Hukuinua kichwa. "Niliona. Nilikutazama wewe, nikadhani utauliza. Ukaandika tu."

Hukulisema kwa hasira. Laiti ungelisema kwa hasira.

Wakati wa mvua za masika malaria ilikupanda kichwani, na ndani ya siku tatu hukuwa nasi tena. Zilibaki wiki tano kabla ya mtihani. Niliyafungia yale makaratasi sandukuni, na ni Nyanzobe aliyeyatoa, akakaa pale pale ulipokuwa unakaa, akasema, "Nisomee, mama mdogo." Nikamsomea.

Kwenye karatasi ya mtihani walikuja watu saba na vyumba saba. Nilimtafuta asiye na pa kwenda. Nikamweka. Na dada, wengine wakajipanga wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaogopa kupumua nisiwatawanye.

Matokeo yalipotoka nilikwenda Shishiyu na lile daftari, na Nyanzobe. Nilipiga magoti, nikasalimia wazee inavyotakiwa, nikawasomea mstari wangu mwenyewe. Kisha nikamuuliza Mzee Ngassa swali moja tu: ng'ombe wa mtu mwingine akichungwa na kundi lenu, mnamtia alama ya nani? Alisema, "Yetu, asipotee." Wazee wakatazamana. Mzee Ngassa akachora chini kwa fimbo, kisha akasema, "Minza alitaka kutuambia hivyo."

Wawili walishakufa kwa ukame. Wawili waliobaki na ndama wao wametolewa mbele ya watu, kwa jina la Nyanzobe. Mzee Ngassa mwenyewe aliwaswaga mpaka njiani.

Nyanzobe atabaki kwa mama yetu hapa Bariadi amalize la saba, halafu namchukua. Nimeshaongea na mwalimu wake, hakuna atakayemwachisha.

Huko niendako watanifundisha wanasheria wakubwa. Nitawaheshimu wote. Ila najua tayari nimeketi mbele ya akili ambayo sitakutana nayo tena, na ilikuwa inachambua pamba.

Wabeja, asante sana, dada. Pumzika. Nakuahidi kitu kimoja: mtu asiyepewa nafasi ya kujibu akinitazama tena, nitaweka kalamu chini, nami nitauliza.

Mdogo wako,
Kabula